Nge mweusi mwenye magando mekundu: nimeachiwa nimlee, nianzie wapi?

kitalu_mji_mpya (Morogoro)

Wakuu, habari za humu. Mwalimu wa baiolojia wa shule ya jirani amehamishwa kituo na ameniachia nge aliyekuwa akimtumia kufundishia. Yumo kwenye ndoo nyeupe ya rangi ya lita 10, mfuniko umetobolewa matundu manne. Chini kuna maranda ya mbao kama sentimita tatu na kifuniko cha soda chenye maji.

Ni mweusi wa kung'aa. Kuanzia kichwani hadi ncha ya mkia ana kama sm 12. Magando ni mapana, yana wekundu wa kahawia na vipele vipele kwa juu. Mkia ni mwembamba ukiulinganisha na magando. Hajala wiki tatu ingawa anawekewa mende. Tumbo limetanuka hadi ngozi laini ya ubavuni inaonekana kati ya magamba ya juu na ya chini. Mchana kutwa anazunguka ukingoni mwa ndoo akikwaruza plastiki.

Naomba kujua ni aina gani na ana hatari kiasi gani, maana nyumbani kuna mtoto wa miaka minne. Pili, makazi yake yaweje kwa vifaa vinavyopatikana hapa mjini. Tatu, huku kutokula ni ugonjwa, anataka kujivua gamba, au ana mimba?

---

gando_na_mwiba

Mkuu, kwa maelezo hayo huyo ni *Pandinoides cavimanus*, nge mkubwa wa Tanzania na Kenya. Maandishi ya zamani yanamwita *Pandinus cavimanus*. Ana udugu wa karibu na *Pandinus imperator*, yule nge mkubwa wa Ghana, Togo na Nigeria anayefugwa sana Ulaya na Marekani, ila wako ni mdogo kidogo na mkali zaidi. Yule wa Magharibi ukimsogelea mara nyingi anarudi nyuma. Huyu anasimama na kufungua magando.

Kuhusu sumu, tazama uwiano wa gando na mkia. Nge wa gando nene anaua mawindo kwa kuyabana na kuyaponda, na akimchoma mtu mzima mwenye afya huwa ni maumivu na uvimbe wa kiasi cha nyuki. Wa kuogopwa ni yule wa gando jembamba na mkia mnene. Maeneo yetu makavu yana *Parabuthus*, wenye mikia iliyonenepa hadi karibu na mwiba, na sumu yao inashambulia mishipa ya fahamu. Mtu akikuletea huyo, usimpokee kwenye nyumba yenye mtoto.

Hata huyu wako, mtoto wa miaka minne akichomwa apelekwe kituo cha afya mara moja bila kungoja dalili. Njiani osha jeraha kwa sabuni na maji, weka kitambaa cha maji baridi, mpe paracetamol kwa kipimo cha umri wake. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba. Kwa mtu yeyote, mkubwa au mdogo, dalili za kukimbilia hospitali ni mate kujaa mdomoni, kushindwa kumeza, misuli kucheza yenyewe, kutapika, jasho jingi, kupumua kwa shida, au uso na midomo kuvimba. Hizo mbili za mwisho zaweza kuwa mzio, na mzio haujali kama sumu ni kali au hafifu.

Sasa makazi. Kule kukwaruza plastiki mchana ni kutafuta pa kuchimba. Huyu anaishi shimoni, na maranda hayashiki shimo: yakilowa yanaota ukungu, yakikauka hayamwachii unyevu wowote. Mchanga mtupu nao unaporomoka.

Tafuta kasha la kioo au boksi gumu la plastiki linaloonyesha ndani, sakafu sm 40 kwa 30, kimo sm 30. Ukubwa wa sakafu ni muhimu kuliko kimo. Ukiagiza kwa fundi vioo, kioo cha mm 5 kinatosha, na mwambie mambo mawili. Kwanza, asitumie silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia kuvu, na kasha likae wazi wiki nzima hadi ile harufu ya siki iishe kabisa. Pili, asiache tuta la silikoni kwenye kona za ndani. Nge hapandi kioo kisafi, lakini silikoni anaipanda hadi kwenye mfuniko, na mfuniko usio na kibano anauinua. Kama ni boksi la plastiki, pasha msumari moto utoboe matundu 20 hadi 30 ya mm 3 kwenye pande mbili zinazotazamana, karibu na juu, ili hewa ipite moja kwa moja. Matundu ya mfunikoni peke yake yanaacha hewa nzito chini.

Udongo: sehemu tatu za vumbi la makumbi ya nazi (wenye vitalu wanaliuza kwa jina la kokopiti, limekandamizwa mithili ya tofali) kwa sehemu moja ya udongo tifutifu wenye ufinyanzi kidogo. Ufinyanzi ndio unaoshika kuta za shimo. Udongo usiuchote kwenye shamba lililopuliziwa dawa, na kabla ya kuchanganya ukaange kwenye sufuria kuukuu kwa nusu saa, ukiugeuza, ili mayai ya utitiri na ya sisimizi yafe. Acha upoe. Kwa kasha la sm 40 kwa 30, kina cha sm 15 ni lita 18 za mchanganyiko, yaani ndoo ya lita 20 karibu ijae. Usipunguze kina kwa kubana matumizi, maana udongo wa sm 5 unakauka haraka na hauna shimo ndani yake.

Kipimo cha unyevu: fumba konzi moja ukiminye. Kikishikamana bila maji kuchuruzika vidoleni, ni sawa. Ushindilie kwa ngumi tabaka kwa tabaka. Upande mmoja laza kigae cha chungu kilichovunjika, na chini yake choma kwa mpini wa jembe mteremko wa sm 10 ulioegemea kioo. Atauendeleza mwenyewe, nawe utaweza kumwona kupitia kiooni. Ukipenda kuweka jiwe zito, likalie sakafu ya kasha, udongo uumwagie pembeni. Jiwe lililokaa juu ya udongo atalichimba kwa chini limwangukie.

---

dada_wadudu (Tanga)

Naongezea upande wa tumbo na chakula.

Nge akishakomaa hajivui gamba tena. Cavimanus wa sm 12 ni mtu mzima, kwa hiyo hilo la kujivua gamba liondoe. Yanabaki mawili: ameshiba au ana mimba. Nge aliyeshiba anaweza kukaa miezi bila kula na asipungue, kwa hiyo wiki tatu zisikutie hofu kabisa. Ungeona ngozi ya ubavuni imekunjamana na kuingia ndani, hapo ni kiu, na dawa yake ni maji.

Ili kujua ni jike au dume, mwingize kwenye bakuli la kioo umtazame kwa chini. Nyuma ya jozi ya mwisho ya miguu kuna vichana viwili vilivyotanuka kushoto na kulia. Ndivyo anavyotumia kunusa ardhi. Vyenye meno marefu ni vya dume, meno mafupi ni vya jike. Ukiwa hapohapo mulika ubavuni. Vijusi vinaonekana kama vidoti vyeupe vilivyopangana nyuma ya ile ngozi laini. Nge hawatagi mayai, wanazaa watoto hai, na kwa jamii hii ya nge wakubwa mimba inakwenda miezi saba hadi tisa, mara nyingine zaidi.

Chakula: nyenje mmoja au wawili kila baada ya siku saba hadi kumi, asiyezidi kiwiliwili cha nge bila mkia. Mpe baada ya giza kuingia. Asipomla usiku huo, mtoe asubuhi. Mdudu hai aliyeachwa ndani anamsumbua nge na hata kumng'ata akiwa mnyonge, na akifia shimoni anavutia ukungu na utitiri.

Tafadhali msimpe mende wa jikoni. Mende wa nyumbani huenda amepita kwenye chaki ya sumu au dawa ya kupuliza, na dozi isiyomuua mende papo hapo inatosha kumuua nge polepole: anapooza miguu, anatembea kinyumenyume, mkia unalegea. Fuga nyenje mwenyewe kwenye ndoo yenye trei za mayai, pumba, na vipande vya karoti kwa ajili ya maji. Weka kopo la kokopiti mbichi watagie humo.

Kwa sababu hiyo hiyo, chumba cha nge kisipuliziwe dawa ya mbu wala kuchomwa ile ya mviringo. Ukishapaka dawa ya kufukuza mbu mikononi, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa udongo wake.

---

kitalu_mji_mpya

Ahsanteni sana. Nimemtazama kwa chini: meno ya vichana ni mafupi, na ubavuni kuna vidoti vyeupe vimejipanga safu pande zote mbili. Kasha nimepata la kioo, udongo uko tayari.

Kuna mtu dukani ameniambia nimpulizie maji kwa chupa asubuhi na jioni, na niweke taa nyekundu ya wati 40 juu ili apate joto. Ni sahihi? Na namhamishaje bila kuchomwa?

---

gando_na_mwiba

Hongera, huyo ana mimba. Basi mhamishe sasa, mara moja, halafu umwache. Jike anayesumbuliwa karibu na kuzaa au baada ya kuzaa anakula watoto wake.

Chupa ya kupulizia iache. Maji yanalowesha sentimita ya juu tu, ndipo ukungu unapoanzia, wakati chini anakolala kumekauka. Anapotaka unyevu ni chini. Chomeka mrija au kipande cha bomba kwenye kona moja hadi sakafuni, na umimine humo maji robo lita kila baada ya siku tano hadi saba, kutegemea msimu. Lengo ni udongo wa chini uwe na unyevu na wa juu ukauke. Ukiona matone kwenye kioo mchana kutwa, umezidisha au matundu hayatoshi. Unyevu ukizidi na hewa ikiwa nzito, nge anapata madoa meusi yasiyong'aa kwenye viungo vya miguu na magando, yanayotanuka. Hiyo ni kuvu inayokula gamba, na kwa mtu mzima asiyejivua gamba tena haitoki. Unachoweza ni kuizuia isiendelee kwa kukausha udongo na kuongeza hewa. Kwa nge mweusi ni vigumu kuona doa jeusi, kwa hiyo tafuta sehemu iliyopoteza mng'ao.

Taa nayo usiweke. Morogoro joto la chumba linakutosha. Huyu anataka nyuzi 25 hadi 30 na usiku zikishuka hadi 20 hana tabu. Taa juu ya kasha inakausha udongo na kumzuia kutoka. Tochi ya zambarau, ile ya kukagulia noti, ni nzuri kumtafutia usiku kwa kuwa gamba lake linang'aa kijani chini ya mwanga huo, lakini iwe sekunde chache. Kumwangazia muda mrefu kunamsumbua.

Chombo cha maji kiwe kipana na kifupi, kina sm 1, ndani vijiwe. Nge anapumua kwa matundu yaliyo tumboni, jozi nne, na akizama kwenye bakuli la kuta laini hafurukuti muda mrefu. Sponji usiweke, inaoza. Maji badili kila baada ya siku mbili.

Kumhamisha: vaa viatu vya kufunika vidole, mtoto na mbwa wawe nje. Ilaze ndoo kwa ubavu ndani ya beseni kubwa la kuta laini. Mfunike kwa kopo pana la plastiki linaloonyesha ndani, kisha pitisha kadi ngumu chini taratibu, ukimngoja apande mwenyewe. Usisukume kadi akiwa ameshikilia chini kwa miguu. Peleka kopo, kadi na nge pamoja hadi kwenye kigae, inua upande mmoja, ngoja. Akihitaji kusukumwa, tumia kibano cha sm 25 au zaidi ambacho ncha zake umezungushia sponji, umguse nyuma. Kumshika mkia kwa kibano ni kwa mwenye mazoezi, na kwa mwenye mimba si kwa mtu yeyote: akianguka toka kimo cha meza, tumbo linapasuka.

Weka kufuli. Kibano cha mfuniko hakimzuii mtoto wa miaka minne.

---

pwani_kavu (Kilifi)

Hamjagusia adui mkubwa wa kasha huku kwetu: sisimizi. Wananusa mabaki ya nyenje, wanaingia kwa matundu ya mm 3, na jike aliyebeba watoto hawezi kuwakimbia. Usiku mmoja unatosha. Weka kasha kwenye meza iliyojitenga na ukuta, kila mguu wa meza usimame ndani ya kopo la maji yenye kijiko cha mafuta ya kupikia. Mafuta yanazuia maji kukauka haraka na mbu hawatazalia humo. Angalia pia pazia au waya usiguse meza, maana hilo ni daraja. Chaki ya sumu kuzunguka miguu ya meza msijaribu, kwa sababu alizoeleza dada_wadudu.

Utitiri: ukiona vidoti vyeupe vinavyotembea kwenye viungo au karibu na mdomo wa nge, chakula kimeozea ndani. Mtoe nge, mweke kwenye boksi dogo lenye karatasi ya jikoni kavu na kichombo cha maji kwa siku kadhaa, tupa udongo wote, osha kasha kwa maji ya moto, anza upya na udongo uliokaangwa. Hapo usipulizie dawa yoyote. Utitiri ni jamaa wa karibu wa nge, na kinachomuua huyo kinamuua na mwenye nyumba. Kama jike ana watoto mgongoni, toa tu mabaki, punguza maji, na ngoja.

---

mlinda_pori

Naomba nisisitize sheria, kwani wengi wanadhani wadudu na jamaa zao hawahesabiki. Tanzania ina Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, na kumkamata au kumweka mnyamapori kunahitaji kibali. Nenda ofisi ya TAWA (mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori Tanzania) ukiwa na barua ya mwalimu inayoeleza alimpata wapi na lini, uombe maelekezo kwa maandishi. Kenya ni KWS, shirika lao la wanyamapori. Kwa wanaodhani hili ni jambo dogo: Mei 2025 mahakama Nairobi iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni moja za Kenya kila mmoja kwa kujaribu kusafirisha sisimizi hai nje ya nchi. Nge wakubwa wa Afrika Magharibi, *Pandinus imperator*, wamo kwenye Kiambatisho cha II cha CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini), hivyo hata ukiwa Ulaya dai karatasi za asili yake.

Na hao watoto watakaozaliwa usiwamwage popote. Nge wa Morogoro hana kazi ya kufanya Tanga. Panga mapema na TAWA au shule nani atawachukua.

---

mchanga_wa_njano (Njombe)

Huku Juni na Julai usiku ni baridi kali. Mwenye nge wa aina hii afanyeje? Umeme nao unakatika.

---

kaskazini_baridi (Ujerumani)

Huku cavimanus wanafugwa sana na tatizo ni hilo hilo. Tunatumia mkeka wa umeme wa kupasha joto, wati 7 hadi 15, unaobandikwa nje ya ukuta mmoja wa kasha, theluthi moja ya eneo lake, ukiwa na themostati (kifaa cha kudhibiti joto) iliyowekwa nyuzi 28, kihisi chake kikiwa ndani kwenye usawa wa udongo upande huo. Usiuweke chini ya kasha hata siku moja. Nge akisikia joto anachimba kwenda chini, maana porini ubaridi uko chini. Ukimpashia sakafu, anakimbilia kwenye kinachomuunguza. Upande wa pili wa kasha ubaki bila joto ili achague.

Umeme ukikatika, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwenye taulo, ikiegemea kioo kwa nje, inatosha kwa saa kadhaa. Usiku mmoja wa nyuzi 15 haumuui mtu mzima, ila usimlishe kipindi cha baridi: hamalizi chakula na kinaoza.

---

dada_wadudu

Kitalu, akishazaa: watoto wanakuwa weupe na wanapanda mgongoni. Wanakaa huko hadi wajivue gamba la kwanza, kwa kawaida wiki mbili hivi, kisha wanakuwa na rangi na kuanza kushuka. Kipindi hicho usifunue kigae, usihamishe kasha. Maji yawepo, na nyenje mmoja aliyeuawa aachwe mlangoni mwa shimo kila wiki, utoe mabaki kwa kibano. Mtoto aliyeanguka mrudishe karibu na mama kwa brashi laini ya kuchorea, usimshike.

Wakishashuka wote, kila mtoto apate kopo lake la nusu lita lenye udongo sm 4, tundu kumi za sindano, na kipande cha gome la mti. Cavimanus hawavumiliani kama wale wa Afrika Magharibi. Ukiwaacha pamoja, aliyetoka kujivua gamba analiwa akiwa bado laini. Chakula chao ni nyenje wachanga wa mm 3 hadi 5 mara mbili kwa wiki. Mtoto akikataa chakula na kunenepa, usimwekee mdudu hai, anakaribia kujivua gamba. Udongo uwe na unyevu siku hizo: hewa ikiwa kavu gamba la zamani linang'ang'ania miguuni na anakufa nusu ametoka. Kwa siku chache baada ya hapo hatang'aa chini ya tochi ya zambarau. Ngoja gamba likakamae ndipo umpe chakula.

---

kitalu_mji_mpya

Nimemhamisha, ameingia chini ya kigae na usiku huohuo alikuwa anasukuma udongo nje. Barua ya mwalimu ninayo, kesho naenda TAWA. La mwisho: mwezi ujao nasafiri siku kumi na hakuna wa kumwangalia.

---

gando_na_mwiba

Siku kumi ni chache kwake. Siku mbili kabla ya safari mlishe, asubuhi toa mabaki yote. Siku ya kuondoka mimina robo lita kwenye mrija, weka vyombo viwili vya maji badala ya kimoja, jaza makopo ya miguu ya meza. Usimwachie nyenje hai ndani kama akiba. Pazia lifungwe upande wa jua, kwani kasha la kioo likipigwa na jua la dirishani linapita nyuzi 40 kwa muda mfupi. Na ufunguo wa kufuli ondoka nao.